Maharagwe ya Juzi

Kama unasoma haya ukiwa umesimama, umeegemea ukuta, kwa sababu ukikaa tumbo linabana na ukilala chakula kinapanda kooni, basi mimi na wewe tunafahamiana. Nimesimama hivyo karibu mwaka mzima. Nimeyahesabu mawe ya volkano ya ua wetu hapa Majengo, Goma, kutoka mlangoni hadi chooni, kisha nikayahesabu kutoka chooni hadi mlangoni, na hesabu hazikulingana hata mara moja. Sasa naweza kukaa na kuandika, ingawa kila baada ya ukurasa nainuka nizunguke kidogo. Naandika kwa ajili yako, hasa kama nyumbani kwako wameanza kunong'ona kwamba kuna mtu amekuwekea kitu katika chakula. Usifanye nilichofanya mimi.

Jina langu ni Kavira. Nimezaliwa Butembo, nauza maharagwe sokoni, na nimeolewa na mwanaume wa Masisi anayeitwa Bahati, ambaye analinda geti la nyumba moja kule Himbi. Mimi si mtu wa kutulia. Hata kanisani nakaa mwisho wa benchi ili niweze kutoka. Ugonjwa wa sukari ninao tangu mimba yangu ya mwisho, na mtoto huyo sasa anamaliza shule ya msingi. Vidonge vya ugonjwa huo nilikuwa nameza nikivikumbuka, na nilivikumbuka pale tu nyayo zilipowaka moto. Nimelitaja hili mapema kwa sababu ndilo lilikuwa jibu, lakini mimi nililitafuta kila mahali isipokuwa hapo.

Ilianza wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limejaa hata kwenye meno. Nilikuwa nakula matonge matatu ya bugali na kushiba kama mtu aliyetoka harusini. Tumbo likavimba juu ya kitovu na kukaa hivyo siku nzima. Nikicheua, nilisikia harufu ya chakula ambacho nilikuwa nimekwisha kukisahau. Jirani mmoja akanipongeza, akidhani nina mimba, mimi mwenye miaka arobaini na sita! Nilicheka sana, na katikati ya kicheko nikatapika. Baada ya hapo mashavu yakaanza kuondoka, shingo ikawa ndefu, na kitenge nilichokuwa nakifunga mara moja kikawa kinanizunguka mara mbili. Tumbo peke yake ndilo lilibaki nene.

Miezi miwili baadaye vita vikashuka kutoka milimani, na pamoja navyo akaja wifi yangu Furaha, dada wa mume wangu, ambaye ni mjane. Alikuja na watoto wawili, godoro moja na sufuria moja kubwa yenye mkono uliovunjika. Huhitaji kuelezwa, kama unaishi Goma: kila nyumba ilikuwa na watu wake walalao sebuleni. Furaha hakutaka kuonekana mzigo. Siku ya pili tu aliingia jikoni na hakutoka tena. Mimi nilifurahi, maana harufu ya mafuta ilikuwa inanigeuza roho. Alipika sombe laini ya majani ya muhogo na maharagwe mazito, akaniwekea sehemu yangu kwanza, kabla ya kaka yake. Nilikula kidogo kwa heshima, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kutapika.

Tulianza kuzunguka kwa waganga wa kizungu. Kituo cha kwanza wakanipa dawa ya minyoo. Cha pili wakasema ni tifoidi, nikachomwa sindano siku saba. Cha tatu wakasema ni vidonda vya tumbo. Nakumbuka mabenchi kuliko dawa. Watu walikuwa wengi, nusu yao wakimbizi wa vita wenye matope bado kwenye miguu, na muuguzi aliita namba moja baada ya muda mrefu. Mimi sikuweza kukaa. Nilitoka kuzunguka jengo, na mara mbili nikirudi nikakuta namba yangu imepita. Mara ya tatu bibi mmoja mzee, simjui hata jina, akanivuta mkono.

"Acha kiatu yako hapa," akasema. "Weye tembea. Kiatu itakukalia."

Nikatembea na mguu mmoja mtupu juu ya mawe mpaka zamu yangu ilipofika. Kila nikimkumbuka bibi yule namwombea.

Dada yangu mkubwa, Kahindo, alikuja kuniona mvua za kwanza zilipoanza. Ninamwita yaya, na tangu utoto anachosema ndicho kinachofanyika. Aliniangalia mikono, akaangalia jikoni, akanivuta chumbani.

"Weye Kavira, fungua macho. Hii haiko tumbo ya bure. Hii ni karuho."

Karuho ni sumu ambayo huku Kivu watu wanasema inafichwa chini ya ukucha, inadondoshwa kwenye chakula, na inamla mtu polepole kwa miezi. Ukikonda bila sababu, mtu wa kwanza kukutembelea atalitaja neno hilo kabla ya kukaa.

"Nani ataniwekea karuho, yaya?"

"Ulianza kugonjwa wakati gani? Si njo wakati huyu alifika?"

Hapo ilinipasa kusema hapana. Ningemkumbusha yule jirani na pongezi zake za mimba, wakati Furaha alikuwa bado anavuna viazi kwake. Lakini niliogopa, na hofu ilinisahaulisha. Nilinyamaza. Kimya changu yaya alikichukua kuwa ndiyo.

Kwetu anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza mbele yake. Ni adabu, hakuna anayekasirika. Lakini kumwonjesha mtu wa nyumbani kila sahani, kila siku, mbele ya watoto, hiyo ni kesi isiyo na hakimu. Yaya ndiye aliyeagiza na mimi ndiye niliyekubali. Asubuhi Furaha alileta uji, akachota kijiko, akanywa, akasubiri kidogo huku ananiangalia, ndipo akanipa kikombe. Watoto wake walisimama mlangoni. Mdogo akauliza kwa nini mama yake anakunywa uji wangu. Mume wangu akirudi kutoka kazini nilimficha jambo hilo, kwa maana nilijua ni aibu.

Kisha yaya akanipeleka kwa mzee anayetapisha. Anaishi nyuma ya soko, katika nyumba ya mbao, na kila mgonjwa anakuja na beseni lake. Tulikuwa tisa uani, tumepanga mabeseni ya rangi mbalimbali kama tunaosubiri maji ya bomba. Nilipewa kikombe cha majani machungu na maziwa. Sikumaliza hata hatua kumi. Nilitapika mpaka nikaona nyota mchana, na koo likauma wiki nzima. Yule mzee akaja na kijiti, akakoroga ndani ya beseni langu, akainua kitu. Kilikuwa donge la ukubwa wa kidole gumba, la kahawia lenye ukijani, lililosokotwa nyuzi nyuzi.

"Mama, angalia. Njo kile kilikuwa kinakukula."

Watu wote wanane wakainuka kuangalia.

"Nani anakupikiaga?" akauliza.

Yaya akajibu kabla yangu. "Wifi yake."

Nilirudi nyumbani. Sikumwambia Furaha kwamba ameniua. Sikuwa hata na ujasiri huo. Nilisimama kwenye mlango wa jiko, nikaangalia ukuta, nikasema, "Furaha, nyumba imekuwa ndogo."

Aliweka mwiko chini.

"Wifi, kama munanikatala, museme tu. Batoto bangu banakula mu ile ile sufuria. Ulishaona hata mumoja anatapika?"

Niliendelea kuangalia ukuta. Akaosha sufuria yake vizuri, akaipangusa, akakunja godoro, akaondoka na watoto kabla ya mvua ya mchana. Jioni Bahati alirudi akauliza dada yake yuko wapi. Nikamwambia ameenda kambini kwa wakimbizi, kule barabara ya Sake. Hakupiga kelele. Alichukua sahani yake akaenda kula nje, karibu na geti, peke yake, na akaendelea kula huko wiki baada ya wiki.

Sasa nilikuwa napika mwenyewe, naonja mwenyewe, na natapika zaidi. Yaya akasema sumu imebaki kwenye damu. Mvua zilikuwa nzito mwaka ule. Mabomu yalisikika upande wa Sake, kwanza mbali, baadaye madirisha yakaanza kutikisika, na kila mlio nilikuwa nainuka na kuzunguka ua. Nilijiambia naangalia kama watoto wangu wako ndani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawafikiria wale wawili wa Furaha chini ya hema. Nilikuwa nimekonda kiasi kwamba pete ya ndoa niliifunga kwa uzi.

Mwishowe padri wa parokia yetu, ambaye alichoka kuniona nikitoka katikati ya misa, aliniandikia barua niende kwa daktari mmoja anayeangalia ndani ya tumbo kwa mpira wenye taa. Nikapewa siku ya Alhamisi, na amri ya kutokula chochote kuanzia Jumatano asubuhi. Nilitii. Kutokula ilikuwa kazi rahisi kwangu. Sitakueleza sana habari ya mpira ule. Unalala ubavu, unameza kitu kisichomezeka, machozi yanatoka yenyewe, na muuguzi anakushika bega. Yule aliyenishika bega alikuwa na mkono wa joto, na hilo nalo nimelihifadhi.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Alikasirika.

"Mama, tulikuambia usikule."

Mpira ulipotoka nikamjibu kwa sauti iliyokwaruza. "Sikukula, dokta. Tangu Jumanne."

"Basi hii ni nini?" Akanionyesha picha kwenye kioo. "Si ni maragi hii?"

Yalikuwa maharagwe. Maganda yake yalikuwa mazima kabisa, ya rangi ileile ninayouza sokoni.

"Ni ya juzi," nikasema.

Akaacha kuandika. "Ya juzi kweli?"

"Nilikula Jumanne saa sita."

Hasira ikamtoka usoni. Akavuta kiti. "Mama, uko na sukari?"

Hapo ndipo safari yangu ilipofika. Aliniambia kwamba sukari ya miaka mingi isiyotunzwa inachosha mishipa inayoliamuru tumbo, na tumbo linaacha kusukuma. Chakula kinakaa humo kikisubiri. Alisema kwa wengine huanza baada ya operesheni au homa kali au dawa fulani, na kwa wengine hata wao madaktari hawajui chanzo. Nilikuwa nasikiliza nusu tu, maana kwenye kioo kulikuwa na kitu kingine, pembeni ya maharagwe.

"Na hizi nyuzi, dokta?"

"Unapendaga machungwa?"

"Sana. Ndugu yangu ananiletea kutoka Beni. Namenya, nakula na nyama yake yote."

"Tumbo yako haiwezi kuyasaga. Zile nyuzi zinajisokota, zinakuwa donge."

"Donge ya rangi gani?"

Alinishangaa. "Ya kahawia, pengine na majani mabichi ndani, kama umekula sombe. Juu ya nini unauliza?"

Nilitoka nje na kuzunguka jengo la hospitali mara nne. Mtu anaweza kukupikia sombe, anaweza kukupikia uji. Chungwa halipikwi. Nilikuwa nayamenya mwenyewe, kwa kisu changu, nikiwa nimesimama uani. Na kile kitu ambacho watu wanane walikiinukia ndicho nilichomfukuzia mjane na watoto wake wawili wakati mabomu yanalia.

Nakuandikia sasa yale yaliyonisaidia, uyachukue kama ya mtu mmoja na umuulize daktari wako kuhusu yako. Nakula mara sita kwa siku, kila mara kiasi cha kujaa kiganja. Viazi vilivyopondwa kabisa, wali uliopikwa mpaka ukalegea, uji uliochujwa, mchuzi wa samaki usio na mafuta, ndizi iliyoiva. Siku mbaya nakunywa supu tu, maana vitu vya majimaji vinashuka hata tumbo likigoma. Sombe, mahindi, maharagwe yenye maganda, machungwa, vyote nimeviaga, na sombe niliililia kweli. Tangawizi iliyochemshwa, nikinywa funda moja moja, inanituliza kichefuchefu, ila haijanitibu na mtu asikuuzie kwa jina hilo. Vidonge vya sukari sasa nameza kwa saa. Na baada ya kula natembea. Hii ndiyo dawa pekee duniani niliyozaliwa nayo: daktari aliniamuru nisikae! Majani ya kutapisha usiyaguse. Tumbo lililochoka halihitaji kupigwa.

Baada ya wiki tatu nilianza kupata nguvu, lakini kambini sikwenda. Jumapili mbili zilipita nikisema nitaenda. Nilimweleza Bahati yote, machungwa, beseni, uji wa kuonjwa. Alisikiliza akiangalia mikono yake. Nikamwomba aende amchukue dada yake.

"Mi siende," akasema. "Weye njo ulimufukuza. Weye njo utamurudisha."

Nikaenda kwa miguu siku ya Jumatatu, mvua ikiwa imepumzika. Mahema yalikuwa yamebanana juu ya mawe meusi, na moshi wa kuni mbichi ulikaa chini chini. Niliuliza hema baada ya hema. Nilichokitambua kwanza ni ile sufuria yenye mkono uliovunjika, juu ya mafiga matatu. Furaha alikuwa anachochea moto. Alikuwa amekonda karibu kunifikia.

"Wifi," akasema bila kuinuka. "Umekuja kuona kama tungali bazima?"

Nilitaka kuzunguka kwanza, kama kawaida yangu. Nikajilazimisha kukaa juu ya jiwe. "Nilikukosea, Furaha. Haikuwa karuho. Ni sukari, na ile donge ilikuwa machungwa."

"Machungwa."

"Machungwa."

"Yenye weye mwenyewe ulimenya."

"Njo ile."

Alisukuma ukuni mafigani. "Na mi nilionja uji siku kumi na tatu," akasema. "Batoto bangu banaangalia."

Nililia. Hakunibembeleza, na sikustahili. Watoto wakaja na kukaa mbali nami. Kisha akafunua sufuria, akapakua sahani moja, akaniwekea mimi mgeni kwanza, kama alivyokuwa anafanya nyumbani kwangu. Yalikuwa maharagwe matupu, machache, ambayo najua alipanga foleni kuyapata. Akachukua kijiko, akachota, akakipeleka kinywani kwake. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea.

Nikaushika mkono huo. "Usionje."

Nikakichukua kijiko nikala. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilijua nitayalipia na nikaendelea. Baada ya cha nne Furaha akaniangalia vizuri.

"Dokta alisema unaweza kula maragi?"

"Hapana."

"Na unakula."

"Nakula."

Akaninyang'anya sahani. Nikadhani amekasirika. Akaiweka kwenye mapaja yake, akachukua haragwe moja kati ya vidole viwili, akalibana mpaka ganda likatoka, akaweka nyama yake kwenye kifuniko. Akachukua la pili. Mtoto wake mkubwa akasogea akaanza kumsaidia. Mimi nikala yale yaliyomenywa, moja moja, na maganda akayala yeye.

"Nitarudi," akasema bila kuacha kumenya. "Lakini siku mutu ataniambia nionje, ntaenda na hamutaniona tena. Hata yaya yako."

"Hata yaya," nikasema.

Tulirudi Majengo kwa miguu, mimi nikiwa nimejitwisha godoro na yeye sufuria, watoto mbele yetu. Bahati alikuwa getini akitusubiri. Jioni ile aliingiza sahani yake ndani.

Kesho yake mchana, kama nilivyotarajia, tumbo likagoma. Furaha ndiye aliyeleta beseni na kunishikia paji la uso. Nilipomaliza tuliinama wote wawili kuangalia ndani.

"Maragi," akasema.

"Ya jana," nikasema.

Akaenda kumwaga.